Watu Wasio na Mchezaji: Uhakiki wa Namna Wanavyoumbwa Katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

Mchezo uitwao Dungeons & Dragons ulichapishwa Marekani mwaka 1974, nao ni kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja na mtu wake wa kubuni, askari au mchawi au mwizi, akamsemea na kumtendea. Na tendo lenye shaka huamuliwa kwa dadu. Mwenzao mmoja hana mtu wa peke yake. Huyo ndiye msimamizi, na kazi yake ni kuwasemea wote waliosalia: mlinzi wa lango, mwenye nyumba ya wageni, kuhani, mkulima, jambazi, na zimwi lililo pangoni. Hao ndio ambao vitabu vya mchezo huwaita watu wasio na mchezaji. Jina hilo lina kasoro tangu mwanzo, maana lamtaja mtu kwa kitu alichokosa. Wala si kweli kamili, kwa kuwa mchezaji wanaye, ila ni mmoja kwa wote.

Kuwaumba watu hawa ni kazi ya uandishi, lakini ni uandishi wa namna ya pekee. Mtungaji wa tamthilia humwandikia mtu wake maneno, na maneno hayo ndiyo atakayosema. Mtungaji wa kitabu cha mchezo hawezi kufanya hivyo, kwa sababu hajui ataulizwa nini. Hata mtambaji wa ngano, ambaye kwa sauti yake moja huwa sungura na huwa fisi, hana taabu hiyo: wasikilizaji huitikia na huimba naye, lakini hawamkatizi fisi na kumdai aeleze jana usiku alilala wapi. Mezani wachezaji hudai hayo, na zaidi ya hayo. Basi mtu asiye na mchezaji huandikwa kwa ajili ya mazungumzo yasiyokuwapo bado, na yafaa apimwe kwa jambo hilo moja: je, aliyoandikiwa yamwezesha msimamizi kumjibia swali lisilotazamiwa?

Vitabu vitatu vidogo vya mwaka 1974 vilimpa mtu huyo machache mno, wala si vibaya. Mtu au kiumbe akishawishiwa kuingia katika utumishi, msimamizi alitupa dadu mbili. Zikitoka 2, aliyeshawishiwa hujaribu kushambulia. 3 mpaka 5, huchukia. 6 mpaka 8, husita. 9 mpaka 11, hukubali. 12, hukubali kwa furaha na huwa mwaminifu kupita kiasi. Hesabu yake ni ya kutazamwa kwa makini. Dadu mbili zaweza kuanguka kwa namna 36, na katika hizo 16 ni za kusita, 9 za kuchukia, 9 za kukubali, na moja moja tu kwa kila ncha. Maana yake ni kwamba jibu litokealo mara nyingi kupita mengine yote ni la mtu ambaye hajaamua. Na mtu ambaye hajaamua ndiye hasa wa kuzungumza naye. Maneno ya mchezaji yana kazi ya kufanya. Jedwali hili fupi, ambalo laonekana kama hesabu tupu, lilifahamu jambo ambalo vitabu vikubwa vilivyofuata vililisahau mara kwa mara.

Kitabu cha msimamizi cha mwaka 1979, kilichoandikwa na Gygax, kilikwenda njia nyingine. Humo mna majedwali ya kumjenga mtu kwa dadu: sura yake, akili yake timamu au la, tabia yake, moyo wake, hata vitu apendavyo kukusanya. Wingi huo wavutia macho. Lakini msimamizi akiisha kutupa dadu zake zote huwa na rundo la sifa, na sifa si mtu. Akijua kwamba mwenye duka ni mchafu, mwoga na mkusanyaji wa silaha, bado hajui atajibu nini akiombwa mkopo. Sifa yaeleza namna ya kusema, haielezi sababu ya kusema. Kitu kilichokosekana katika majedwali hayo ni haja: mtu huyu ataka nini leo, na kwa nani?

Mwaka huohuo Gygax alitoa kitabu cha kijiji kiitwacho Hommlet, na hapo kasoro na uzuri wakaa nyumba moja. Wanakijiji wengi wameandikwa kama katika daftari la mtoza kodi: mkulima, mkewe, watoto, nguvu zao za kupigana, na mahali walipoficha fedha zao. Ni ajabu kidogo kwamba mwandishi aliona haja ya kujua fedha za mkulima zimefichwa wapi kabla ya kujua mkulima huyo amwogopa nani. Lakini katika kijiji hichohicho yumo Elmo, ambaye kwa nje ni kijana mzito wa akili apendaye pombe, na kwa ndani ni askari hodari wa mwituni aliye macho kwa ajili ya wakubwa zake. Msimamizi aliyepewa Elmo hahitaji mengi tena. Kila swali aulizwalo lina majibu mawili, la mlevi na la mlinzi, na kazi ni kuchagua kiasi gani cha la pili kionekane ndani ya la kwanza.

Mfano ulio bora zaidi umo katika The Keep on the Borderlands, kitabu cha Gygax kilichotiwa ndani ya sanduku la wanaoanza la mwaka 1981, na kwa hiyo kikasomwa na wengi waliokuwa hawajapata kucheza. Ngome inayosimuliwa humo haina hata mtu mmoja mwenye jina. Yuko mkuu wa ngome, yuko mhunzi, yuko mwenye ghala, kila mmoja akitajwa kwa kazi yake tu. Wahakiki wamelilaumu jambo hili, na lawama ina haki. Lakini katika ngome hiyo yumo kuhani mgeni, mcheshi na mkarimu, ambaye huwaalika wachezaji kwake kwa chakula na mvinyo. Kwa kweli ni mpelelezi wa adui. Akipata kufuatana nao nje ya ngome, atawatupa au kuwadhuru saa ile wanapomhitaji. Wafuasi wake wawili husemwa kwamba wamekula kiapo cha kunyamaza, na padre wa ngome hamwamini, ila hasemi wazi. Kuhani huyu hana jina, wala historia yake haikuandikwa. Hata hivyo msimamizi anayeanza aweza kumsemea usiku kucha bila kukwama, kwa kuwa ajua kila neno lake laelekea wapi. Tena ukimya umegawanywa kwa ustadi: mmoja asema mno, wawili hawasemi kabisa, na wa nne anyamaza kwa adabu.

Kwa hiyo wanaodhani kwamba dawa ni jina wamekosea kidogo. Mchezo wa Apocalypse World, uliotolewa na Vincent Baker mwaka 2010, wamwagiza msimamizi ampe jina kila mtu na amfanye kuwa binadamu. Agizo ni jema, na sehemu yake ya pili ndiyo yenye uzito. Jina peke yake ni kibandiko. Walakini jina lina faida moja ya lugha ambayo haina badala yake: mchezaji hawezi kumwita tena, kumtafuta wala kumlilia mtu asiyekuwa na neno la kumwitia.

Kosa la upande wa pili ni la maelezo marefu. Tangu miaka ya 1980 vitabu vingi vya visa vimekuwa na vifungu vilivyotiwa ndani ya mstatili, ambavyo msimamizi huvisoma kwa sauti. Mtu akitokea kwa njia hiyo husema Kiingereza cha maandishi, sentensi ndefu zilizonyooka. Kifungu kikiisha, msimamizi hurudia sauti yake mwenyewe, na mtu yule amekufa papo hapo. Ravenloft ya Tracy na Laura Hickman, ya mwaka 1983, ina vifungu hivyo tele, lakini iliepuka balaa hiyo kwa hila moja: lengo la bwana wa kasri, Strahd, huamuliwa kwa kuvuta karata kabla ya mchezo. Historia yake ni ileile, haja yake yabadilika, na ni haja itendayo kazi.

Mfano wa Kiswahili waweza kuongezwa hapa, kwa kuwa waonyesha kitu ambacho Kiingereza huficha. Mlinzi wa lango akisema kwa Kiingereza, neno moja lamtosha kumwambia mtoto, mzee na jambazi. Lau mchezo ungeendeshwa kwa Kiswahili, mlinzi hawezi kufungua kinywa kabla msimamizi hajaamua umri wake na wa mgeni wake: nani aamkie kwa shikamoo, nani aitikie marahaba, nani aitwe mzee na nani aitwe kijana. Asipoamkiwa ipasavyo, tayari ana sababu ya kufunga lango. Haja ndogo imezaliwa ndani ya maamkizi yenyewe, bila ya dadu.

Na upatanisho wa kisarufi waleta swali gumu zaidi. Karibu na ngome iliyotajwa yako mapango ya maorki, magoblini na wengineo, na kitabu chataja wazi kwamba humo mna wanawake na wachanga wasiopigana. Kimewahesabu, lakini hakikusema wafanyiwe nini, na makundi mengi ya wachezaji yamegombana mbele ya mlango huo. Mwaka 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, yenye mchezo huu, ilikiri kwamba kuonyeshwa kwa maorki kama waovu kwa asili kulifanana kwa namna ya kuumiza na jinsi watu wa mataifa halisi walivyosingiziwa na wanavyosingiziwa. Mwandishi wa Kiingereza aweza kulikwepa jambo hili mpaka ukurasa wa mwisho. Anayeandika kwa Kiswahili hukutana nalo katika sentensi ya kwanza, maana hana budi kuchagua kati ya mazimwi yale yaliyolala na mazimwi wale waliolala. Zote mbili husikika kwa wasemaji. Ya kwanza yawatia mazimwi katika safu moja na mawe na magogo. Ya pili yamlazimu msimamizi awe tayari, kwa sababu mmoja wao aweza kuamka na kuuliza jambo.