Mshipa, Fahamu na Neva

Tumeletewa fomu ya ridhaa ya upasuaji wa rovu, iliyofasiriwa kwa Kiswahili, tuipitie. Mfasiri ameandika kwamba "mishipa itachungwa ili isiumie". Sentensi ni nyepesi, lakini mgonjwa ataelewa nini? Mshipa kwa Waswahili ni wa damu, ni kano, tena ni ngiri. Kinachokusudiwa ni neva iendayo kwenye zoloto: ikidhurika, mtu hupwelewa na sauti. Basi mwalimu au muadhini atatia sahihi akiihofia damu yake, asijue kuwa ni sauti yake inayozungumzwa.

"Mshipa wa fahamu" nao hautufai hapa, kwani fomu hiyohiyo yasema mgonjwa "atapoteza fahamu" kwa nusukaputi.

"Kuchunga" kumezidi kipimo. Daktari huigusa neva kwa umeme hafifu, na elektrodi zilizo kwenye mrija wa kupumulia huonyesha kama misuli ya zoloto imeitika. Chombo hutoa habari, hakikingi. Twaonelea iandikwe: "Neva za sauti zitafuatiliwa kwa chombo, ili kumsaidia daktari kuzitambua, hata hivyo zaweza kudhurika."