Heko kwa Wenye Vihamba

Bustani ya nyumbani ikitajwa, wengi hufikiria matuta ya mchicha nyuma ya jiko. Wachagga wa Kilimanjaro wana kihamba, na kwa maoni yangu hakuna aliyepanga ardhi ndogo kwa akili kuliko wao. Juu hutanda mringaringa, chini yake migomba, kisha mibuni, na ardhini kabisa magimbi na maharage. Kiazi kikuu huparamia mti, hakidai nafasi. Ng'ombe hafunguliwi, huletewa majani bandani, na samadi yake hurudi kwenye shina la mgomba. Maji huja kwa mifereji ya mababu, kwa zamu, na ole wake mwizi wa zamu!

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, pale Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo duniani. Vyema. Lakini pongezi za kwanza wapewe akina mama wanaopandisha mlima na mizigo ya majani vichwani. Nanyi vijana mliorithi vihamba mkiwa mjini, msiuuze mringaringa kwa wapasua mbao kabla hamjawauliza mama zenu.