Heko kwa Wenye Maduka wa Kakuma

Mwenye duka Kakuma huamka akidaiwa uadilifu na watu wa kila aina. Tangu kambi hiyo ya wakimbizi nchini Kenya ianzishwe mwaka 1992, kaunta yake imewakutanisha Mturkana, Msomali, Msudani Kusini, Mwethiopia na Mkongomani. Mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanzisha Bamba Chakula, fedha za chakula ziliingia kwenye simu, na maduka yaliyoteuliwa, ya wakimbizi na ya wenyeji, yakawa mahali pa kuzitumia.

Hapo ndipo ustadi unapoonekana. Mgao ukichelewa, mama mwenye watoto hukopeshwa unga. Wakati huohuo muuzaji wa jumla anasubiri malipo yake, lori lililopitia mji wa Lodwar linataka kushusha mzigo, na jirani Mturkana anatafuta soko la mbuzi na makaa yake. Kumridhisha mmoja na kuwasahau wengine ni kulifunga duka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kakuma, daftari la madeni limetunza zaidi ya mali: limetunza utu. Wenye maduka, hongereni sana!