Mzee Anayelilia Bohari: Kicheko Chetu Kilikuwa cha Haraka

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa. Miezi mitatu iliyopita, katika kikao cha kikundi chetu hapa Songea, mwenzetu mmoja alisoma hadithi yake fupi kuhusu mstaafu wa Kimarekani anayeishi Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Mzee huyo ana nyumba nzuri, bustani na pensheni, lakini kutwa kucha analilia duka. Si duka la kawaida. Ni Costco, yale mabohari ya kwao ya kununulia kwa jumla, ambako mtu hutoka na jibini kubwa kama tofali na karatasi za msalani za kumfikisha msimu mwingine. Tulicheka mpaka machozi. Mmoja wetu akauliza, ati huyu ana msiba gani? Mwingine akasema hadithi haituhusu, aiandike Mmarekani mwenyewe. Mimi nilicheka kuliko wote.

Tangu siku ile mwenzetu hajaonekana kikaoni. Muswada wake alinipa nikausome nyumbani, nikausoma mara tatu. Sasa nataka nifanye kazi ambayo nilipaswa kuifanya siku ile: kuuhakiki. Mimi kidato cha nne ndiyo mwisho wangu wa shule, basi msitegemee nadharia nzito.

Nianze na maudhui. Mwandishi anataka tuamini kwamba mzee analia kwa kuwa Thailand haina maduka ya jumla. Hapo ameteleza. Makro, kampuni iliyotoka Uholanzi, ilifungua bohari lake la kwanza Bangkok mwaka 1989, na mwaka 2013 ikanunuliwa na kampuni ya Kithai. Makro ipo hata huko huko Chiang Mai. Mchele wa magunia, mafuta ya madumu, kamba wa barafu kwa kilo, vyote vimo. Kweli Costco yenyewe haijawahi kufungua Thailand. Imefungua Taiwan mwaka 1997, Japani mwaka 1999 na China mwaka 2019, Thailand ikarukwa. Lakini kama shida ya mzee ingekuwa kununua vitu vingi kwa mpigo, angepanda gari akaenda Makro, hadithi ikaishia ukurasa wa kwanza.

Basi anachokililia ni nini? Swali hili mwandishi hakujiuliza, na sisi tuliocheka hatukumuuliza.

Wako watakaosema ni tumbo tu. Ni kweli tumbo limo. Mathai kwa asili yao si watu wa jibini wala siagi. Vitu hivyo vikitoka ng'ambo vinasafirishwa kwenye baridi, na bei inapanda. Mwaka 2013 kima cha chini cha mshahara nchini kote kilikuwa baht 300 kwa siku, na kipande cha jibini ya kigeni kinaweza kumeza ujira wote huo wa kibarua. Hapa namuunga mkono aliyecheka. Anayeomboleza jibini mbele ya mtu wa baht 300 anastahili kuchekwa kidogo. Isitoshe, njia mojawapo ya mstaafu wa kigeni kupata kibali cha kukaa kule ni kuwa na miaka 50 na baht 800,000 benki. Huyu si mkimbizi. Akichoka, anarudi kwao.

Lakini sasa hebu twende ukurasa wa nne. Mwandishi anasema, kwa sentensi moja tu, kwamba mzee ni mjane, kwamba kila Jumamosi alikuwa akienda Costco na mkewe, na kwamba waliendelea kununua vitu vya watu sita hata baada ya watoto wote wanne kuondoka nyumbani. Sentensi moja! Kisha anakimbilia utani wa karatasi za msalani. Jamani, lulu ameirushia kuku. Hadithi yote imo ndani ya sentensi ile. Mtu anayenunua mayai sita dazeni anasema kwamba kesho ipo na kwamba watu watakuja. Bohari ni duka la nyumba iliyojaa. Mzee analilia meza yenye watu, ila hana neno la kulisema hilo, basi anasema jibini. Sisi hapa Ruvuma tungemwelewa upesi kama tungeacha kucheka. Nani asiyejua tofauti ya nyumba yenye magunia kumi ya mahindi ndani na nyumba inayopimiwa sukari robo na mafuta ya kula kwa kibaba? Kwetu anayenunua kwa kupima anafanya hivyo kwa kukosa. Mzee yule ananunua kidogo kwa sababu hana wa kumlisha. Na hilo nalo ni kukosa.

Niwaambie kilichonifumbua macho. Nilimsimulia mama hadithi ile nikitegemea naye atacheke. Hakucheka. Akasema, "Mwanangu, mimi nimewahi kuwalisha hao Mathai wenyewe."

Kumbe! Mama yangu alikuwa mama ntilie Tunduru katikati ya miaka ya 1990, mawe yalipopatikana kule na wanunuzi wa Kithai wakajaa mjini kununua yakuti. Ndiyo, ndugu msomaji: wakati ule wao ndio walikuwa wageni kwetu. Mmoja alikuwa akija kwenye banda la mama na chupa ndogo ya mchuzi wa samaki aliyotoka nayo kwao. Alidondoshea wali matone matatu tu, kisha akaifunga na kuirudisha mfukoni. Ilipobaki nusu aliacha kuidondoshea. Akawa anaifungua, anainusa, anakula. Siku moja akaomba kinu cha mama, akatwanga papai bichi na pilipili, ndimu, karanga na dagaa wa Nyasa badala ya kamba wakavu wa kwao. Majirani walishangaa mtu mwenye fedha za kununulia yakuti anakula papai bichi, chakula ambacho wao walikihesabu cha njaa. "Lakini hatukumcheka," mama akasema. "Alikuwa analia huku anakula. Sijui ni pilipili."

Nililala vibaya usiku ule.

Turudi kwenye fani. Kosa kubwa la mwenzetu si la mhusika mkuu, ni la wahusika wadogo. Mathai katika hadithi hii hawana majina na kazi yao ni kutabasamu. Mama wa sokoni anayemuuzia mzee chakula anatabasamu ukurasa wa pili, wa tano na wa saba. Hiyo ni Thailand ya matangazo ya utalii, nchi ya tabasamu. Mzee ana haki ya kutomwona jirani yake, watu wa namna hiyo wapo. Mwandishi hana haki hiyo. Asipoona yeye, nani ataona?

Mandhari nayo ni Kariakoo iliyopandikizwa mahekalu. Nilimwendea dalali mmoja mzee wa hapa mjini ambaye amewahi kupeleka mawe Chanthaburi, mji wa soko la vito kule Thailand. Nikamuuliza Mathai wanakulaje. Akaniambia wengi wananunua chakula kilichopikwa, cha siku ile ile, mchuzi umetiwa kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa kwa mpira ule wa kufungia noti, hata kama ni wa moto. Mtu anarudi nyumbani na mifuko mitatu vidoleni. Hebu fikiri picha hiyo, mzee na mfuko mmoja kidoleni, yeye aliyezoea toroli. Mwandishi angekuwa nayo asingehitaji mzaha hata mmoja.

Na huyo mama wa sokoni, mafuta na sukari yake anapata wapi? Hapa ndipo ningependa mwenzangu anisikilize. Makro ilijengwa hasa kwa ajili ya watu kama yeye, wenye vigenge, vihoteli na maduka madogo. Anakwenda alfajiri, anajaza toroli, anarudi kupika. Na hata hayo mabohari ya Marekani yalianza hivyo. Sol Price alipofungua Price Club mjini San Diego mwaka 1976, katika jengo lililokuwa banda la ndege, mwanzoni aliwauzia wafanyabiashara tu. Costco ya kwanza ilifuata Seattle mwaka 1983, na kampuni hizo mbili zikaungana mwaka 1993. Kwa hiyo mzee na mama wa sokoni wote ni watu wa bohari. Yeye anatunza pochini kadi yenye picha yake, ambayo imekwisha muda. Mama anasukuma toroli kila asubuhi. Wanaonana kila siku na hawajui. Hadithi ilikuwa imekaa hapo inangoja.

Je, mwisho ubadilike, wakutane bohari wakumbatiane? Hapana, hiyo ni sinema. Mwisho wa sasa, mzee akiandika orodha ya vitu vya watu sita na kuikunja, unatosha. Ila usiongezewe kile kicheko cha msimulizi. Orodha ibaki peke yake.

Kwa wale waliosema hadithi haituhusu, nawajibu na mimi nikiwa mmoja wao. Tumefundishwa kwamba hamu ya kwetu ni mali ya mtu wa kwetu, na kwamba Mzungu ugenini ama ni bwana mkubwa ama ni kichekesho. Mwenzetu alithubutu kutoka nje ya ua huo, ingawa alitoka na kicheko mkononi kama fimbo ya kufukuzia mbwa. Kuthubutu kwake kulistahili wasikilizaji bora kuliko sisi.

Nami nina riwaya yangu ninayohangaika nayo mwaka wa pili. Kuna kijana yuko Dar es Salaam anakumbuka nyumbani, kurasa ishirini za harufu ya mvua na sauti ya bibi. Mwenzangu huyu alipozisoma aliniuliza swali moja tu: bibi huyo alikuwa ananunua nini dukani? Sikuwa na jibu. Nilikasirika, na nadhani siku ya kikao nilicheka nikilipa kisasi.

Ndugu yangu, muswada wako ninao, umetunzwa. Sentensi ya ukurasa wa nne nimeipigia mstari. Njoo kikao kijacho uuchukue, uje na kalamu. Nami nitakuja na jibu la swali lako: sabuni ya mche na chumvi, na siku ya mnada, mafuta ya nazi.