Sifa ya Kusoma Majina Yaliyokosekana

Mtu aandikapo programu kwa lugha ya C++, kazi yake haiishi pale kompaila inaporidhia kila mstari alioutunga. Kwani hubaki kiunganishi, ambacho hukusanya vipande vyote pamoja na maktaba zilizokwisha kujengwa na watu wengine, pengine katika nchi nyingine na mwaka mwingine, kikamtafutia kila mwitaji yule anayemwita. Hapo ndipo hutoka ile kauli inayowavunja wengi moyo, ya kwamba jina fulani limetajwa wala halikupatikana. Na hapo, kwa rai yangu, ndipo huanza kazi yenye adabu kubwa kuliko zote katika taaluma hii.

Yako makosa mepesi. Kiunganishi cha GNU hupitia maktaba tuli kwa mpangilio zilivyoandikwa katika amri, na hutwaa yale tu ambayo tayari yamehitajiwa, hivyo maktaba iliyotangulizwa mbele ya faili inayoihitaji hupitwa kana kwamba haipo. Ukiirudisha nyuma, shauri limekwisha.

Lakini liko kosa ambalo maktaba ipo, mpangilio ni sahihi, na jina, kwa macho ya mtu, ni lilelile. Mwaka 2015 ilitoka kompaila ya GCC 5, na ndani yake umbo la mfuatano wa herufi likabadilishwa, kwa sababu kanuni za lugha za mwaka 2011 zilikataza nakala mbili kushirikiana hifadhi moja kama ilivyokuwa desturi. Fankisheni iitwayo fungua, ipokeayo mfuatano huo, katika maktaba ya zamani imeandikwa _Z6funguaSs, ambamo 6 ni hesabu ya herufi za jina na Ss ni ufupisho wa mfuatano. Kompaila mpya huitafuta kwa jina refu lenye __cxx11 katikati yake. Fundi mwenye subira hachezi na amri kwa kubahatisha: huifungua maktaba kwa zana iitwayo nm, iorodheshayo majina yake, huyapitisha majina hayo katika zana ya c++filt yasomeke, kisha huyalinganisha herufi kwa herufi, hata tofauti ikabainika.

Nami nastaajabia hekima ya waliotofautisha majina hayo. Katika mashine za biti 64 umbo la kale lilikuwa la baiti 8, na jipya ni la baiti 32. Lau majina yangalifanana, kiunganishi kingaliridhia, na programu ingaliharibu kumbukumbu yake mikononi mwa mtumiaji, pasipo yeyote kujua chanzo.

Dawa iliyo bora ni kuijenga upya maktaba. Na kama msimbo wake haupatikani, basi makro ya _GLIBCXX_USE_CXX11_ABI, inayochagua umbo la kale au jipya, iwekwe 0 na msimbo wetu wote ukompailiwe tena, pamoja na kila maktaba nyingine inayopokezana nasi mifuatano hiyo. Kwa ajili hiyo nawasihi wajenzi wa maktaba waandike bayana, kando ya faili wanazotoa, kompaila waliyotumia, toleo lake na thamani waliyoipa makro hiyo.