Breka Ilisema Kweli

Hukumu naitoa mapema, maana sina subira ya kuificha: katika nyumba moja ya Suam, ambako fundi alifunga shawa mpya ya umeme, kosa halikuwa shawa, wala bei, wala duka la Kitale ilikonunuliwa. Kosa ni breka ya ampea 32 aliyoiweka. Mengine yote yaliyofanyika pale yanasameheka, na mengine yanastahili sifa.

Mliopita barabara ya Endebess kuelekea mpakani mliiona kazi yenyewe, na sijasahau kwamba baadhi yenu mlisimama kutoa ushauri. Tangi la zamani la maji moto la lita 50 lilitoboka kwa kutu, kwa kuwa kile kijiti cha magnesiamu kinachowekwa ndani ili kiliwe badala ya chuma hakikubadilishwa hata mara moja. Mzee mwenye nyumba akaachana na matangi ya maji moto, akachukua shawa ya papo kwa papo ya kilowati 5.5. Alichagua ile yenye elementi iliyofunikwa, inayofaa maji ya kisima yenye chumvi: sawasawa. Tangi la maji baridi likainuliwa hadi presha ikatosha, na ethi ikafungwa ipasavyo. Hapo fundi apewe haki yake.

Sasa tuje kwenye dakika ya kosa lenyewe. Waya uliokuwa ukutani ni wa milimita mraba 2.5, uliovutwa enzi za elementi ya kilowati 3. Kwa volti 240, elementi ile ilivuta ampea 12.5 tu, na breka yake ilikuwa ya 16. Shawa mpya inavuta karibu ampea 23. Waya wa 2.5 uliopitishwa kwenye paipu na kufukiwa kwa plasta, ukibebeshwa ampea 23, hauna pa kuponea. Tena msidhani joto la waya linapanda sawa na ampea. Linapanda kwa mraba wake. Mkondo haujafika hata maradufu, lakini joto ndani ya ukuta limekuwa zaidi ya mara tatu.

Breka ya 16 ikafanya kazi iliyowekewa. Mtu wa kwanza alioga, wa pili akakatiwa akiwa na povu kichwani. Ikarudishwa, ikakata tena. Hapo ndipo fundi alipopaswa kujiuliza breka inakataa nini. Badala yake aliitoa, akapachika ya 32, shawa ikawaka, na waliokuwepo wakampigia makofi.

Ndugu zangu, breka hailindi shawa. Inalinda waya. Ukiweka breka ya 32 juu ya waya wa 2.5 umeuambia ukuta kwamba hata ampea 30 zikipita, hakuna atakayesema neno. Plastiki ya waya wa kawaida imetengenezwa kustahimili nyuzi 70. Ikivuka hapo siku baada ya siku inakauka, inapasuka, na penye kiungo ndipo panapoanza. Wiki chache baadaye mzee alinifungulia kifuniko cha swichi ya bafuni: plastiki ya waya wa laivu ilikuwa imegeuka kahawia kuanzia kwenye skrubu, na skrubu yenyewe ilizunguka kwa kidole. Kiungo kilicholegea huongeza joto, na joto hukilegeza zaidi. Dari ya nyumba ile ni ya mbao.

Utetezi nimeusikia, tena kutoka kwa watu wazima: kwamba Suam tuko mwisho wa laini, jioni volti zinashuka hadi 200, kwa hiyo waya unapumzika. Hesabu hiyo ni nusu. Kwa volti 200 mkondo unashuka hadi ampea 19, kweli, ila nguvu ya shawa nayo inaporomoka hadi kilowati 3.8. Maji ya Elgon yakiingia kwa nyuzi 15, lita tatu kwa dakika, shawa yenye volti kamili inakupa nyuzi 41, na hapo unaoga vizuri. Jioni hiyo ya volti 200 inakupa 33, na kwa baridi ya huku hiyo ni adhabu. Halafu usiku wa manane majirani wanalala, volti zinarudi, mtoto anaingia kuoga mapema kabla ya shule, na waya unabebeshwa mzigo wote. Na kwa kuwa tumefika kwenye volti, niseme tena nisiloacha kusema: mto Suam unateremka hadi kuwa Turkwel na kuendesha mitambo ya megawati 106, nasi tulio juu yake tunahesabu volti jioni.

La pili nisiloacha kusema ni leseni. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, inatoa leseni kwa mafundi wa stima, na daraja C2 linatosha kabisa kwa kazi ya nyumba kama hii. Mteja anayemuuliza muuza mbuzi maswali kumi hamuulizi fundi hata moja. La tatu ni jua. Kanuni za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaweke hita za jua. Tukazipigia kelele kama watu waliotozwa kodi ya hewa. Hita ya mirija ingefaa sana nyumba ile yenye watu wengi, mradi iwe na elementi ya akiba kwa miezi ya mvua.

Wanaokumbuka mashamba ya Trans Nzoia wanaijua boila ya Tanganyika: pipa la lita 200 juu ya tanuri la matofali nje ya nyumba, maji baridi yakiingia chini, ya moto yakitokea juu, na bomba la hewa likisimama wazi muda wote ili mvuke usijikusanye. Ilikula kuni, sikatai. Lakini fundi wa zama zile aliheshimu kilichowekwa kulinda watu. Bomba likitema mvuke alipunguza moto, hakuliziba. Wa leo ameliziba, akalipwa na chai akanywa.

Anayetafuta hita ya kubadilisha asianze na jina la kampuni. Asome wati zilizoandikwa kwenye sanduku, agawanye kwa 240, kisha aende akautazame waya wake. Kwa 5.5 ni waya wa 6 moja kwa moja kutoka kwenye bodi, swichi ya kukata nyaya zote mbili ya ampea 45, na hapo breka ya 32 ina mahali pake. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Kwa mzee wa Suam: rudisha breka ya 16 leo, shawa izimwe, na nyumba nzima ioge kwa beseni mpaka waya wa 6 uvutwe.