Shamba ni la Nani? Neno Moja Katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Miongoni mwa maneno ambayo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili huyapita bila kuyatazama mara mbili ni neno shamba. Mtoto hulijua kabla ya kuanza shule, na mwalimu haoni haja ya kulieleza ubaoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wepesi huo ni wa juujuu tu. Msomaji wa Nyeri, Karatina, Kerugoya au Embu anayeingia katika riwaya ya Unguja akiwa na shamba la kwao kichwani hupoteza sehemu kubwa ya hoja ya mwandishi.

Tuanze na sarufi. Neno shamba aghalabu huandamana na a-unganifu, na hapo ndipo utata unapozaliwa. Tusemapo shamba la karafuu tunataja zao. Tusemapo shamba la bwana fulani tunataja mwenye mali. Na tusemapo shamba la mtoni tunataja mahali. Umbo ni moja, mahusiano ni matatu. Hata hivyo, kuna uhusiano wa nne ambao umbo hili haliutaji waziwazi: ni nani anayeinama na jembe? Mlimaji anaweza kuwa mwenyewe, mke wa mwenyewe, kibarua au mtumwa, na shamba likaendelea kuitwa jina lilelile.

Huko pwani, mgawanyo wa zamani ulisaidia kidogo. Kipande alichokilima mtu kwa chakula chake kiliweza kuitwa konde, ilhali shamba lilielekea kuwa milki kubwa ya minazi au mikarafuu. Katika Unguja ya karne ya 19 milki hizo zilitegemea kazi ya watumwa. Kutokana na hali hiyo neno lilipata maana nyingine: shamba ni nchi yote iliyo nje ya mji, na mtu wa huko ni mshamba, yaani asiyestaarabika machoni pa watu wa mjini. Tusiposhika maana hizi mbili, hatuwezi kuisoma barabara Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Adam Shafi. Humo shamba ndilo chanzo cha utajiri unaoijenga kasri, na wanaolitumikia hawana lao ndani yake. Mwanafunzi anayelichukulia kuwa urithi wa jamaa ataona ugomvi wa bwana mwovu na watumishi wake, asione kwamba kinachoshtakiwa ni utaratibu mzima wa umilikaji.

Kinyume chake, katika Utubora Mkulima (1968) ya Shaaban Robert, mhusika anaacha kazi ya mshahara mjini akashika jembe kwa hiari. Shamba hapa ni shule ya utu. Vitabu hivi viwili havipingani kwa itikadi tu. Vinatumia neno moja kwa pande zake mbili. Kimoja kinatazama miliki, kingine kinatazama kazi.

Sasa tupande Mlima Kenya. Kikuyu kina maneno mawili ambayo Kiswahili cha Nyeri huyafumbata katika moja. Gĩthaka ni ardhi ya ukoo, yaani mbari, pamoja na haki ya kuigawa na kuirithi. Mũgũnda ni sehemu inayolimwa. Mke aligawiwa mũgũnda bila kuwa mwenye gĩthaka. Yote mawili tukiyaita shamba, mstari kati ya anayelima na anayemiliki hufutika. Si jambo dogo. Ardhi ilipokusanywa na kusajiliwa katika miaka ya 1950, hati kwa kawaida ziliandikwa kwa majina ya wanaume, na wanawake waliokuwa wakisema “shamba langu” wakajikuta wana jembe bila hati. Kauli yao haikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli kwa maana ambayo msajili hakuitambua.

Hoja hiyo inaangaza pia mapambano ya Mau Mau. Madai ya wapiganaji yalikuwa ithaka na wĩyathi. Walidai ithaka, wingi wa gĩthaka. Hawakudai mĩgũnda tu. Kiswahili kilitafsiri kwa busara: ardhi na uhuru. Lakini katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960 wengi walipata mashamba kwa mkopo uliopaswa kulipwa, na wengine hawakupata chochote. Anayesoma Mzalendo Kimathi (1978), tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong’o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi iliyosikilizwa Nyeri mwaka 1956, hana budi kujiuliza ni lipi kati ya haya mawili linalodaiwa kizimbani.

Wataalamu wa misitu nao wana shamba lao. Tangu mwaka 1910, mfumo wa shamba nchini Kenya uliwaruhusu watu kulima vyakula katikati ya miche ya miti ya serikali, kisha kuhama miti ilipotanda kivuli. Ulipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980, ukarejeshwa kwa jina jipya baada ya Sheria ya Misitu ya 2005. Hili ni shamba ambalo kwa asili yake si la mlimaji. Maandiko nayo yana pande zote mbili: katika Biblia ya Kiswahili, vibarua wa Injili ya Mathayo wanaajiriwa katika shamba la mizabibu, na Nabothi anauawa kwa kukataa kuuza shamba la mizabibu la baba zake.

Huenda mtu akasema kwamba muktadha huondoa utata. Jibu letu ni kwamba muktadha humsaidia yule tu anayejua kuwa kuna la kuchagua. Fasili ya jumla, kwamba shamba ni ardhi inayolimwa, ni sahihi kwa kila mfano tulioutaja, na kwa sababu hiyohiyo haitofautishi hata mmoja. Tazama Shamba la Wanyama (1967), tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell. Je, ni shamba lenye wanyama, kama shamba la mahindi lilivyo na mahindi, au ni shamba ambalo wanyama ndio wenyewe? Hadithi nzima imo katika safari ya kutoka maana ya kwanza kwenda ya pili, na kurudi. A-unganifu ya Kiswahili imeibeba safari hiyo katika jina la kitabu, na bado tunaifundisha kama kwamba ni kiungo tu.

Tunapendekeza basi kwamba mwanafunzi anapokutana na neno hili katika matini yoyote aulize maswali matatu kabla ya kuandika uhakiki wake: limepandwa nini, hati ina jina la nani, na nani analima? Majibu yakiwa mamoja, pengine anasoma habari za Utubora. Yakitofautiana, hapo ndipo fasihi yetu nyingi inapoanzia.